Inasoma Nusu

"Kanyaga mafuta mpaka mwisho, mzee," fundi alisema, macho kwenye kompyuta aliyoiunganisha na lori.

"Si nimekanyaga!" Lesikar alifoka kutoka kwenye usukani. Siku hizi lori lake lilikuwa hoi kila likifika mlima wa Oldonyo Sambu.

"Inasoma nusu. Hebu toa mguu." Fundi akainama mlangoni, akaisukuma pedeli kwa mkono. Injini ikanguruma. "Mbona nzima? Rudia."

Lesikar akatazama chini. Msumari ulikuwa umepenya katambuga ya kulia, kiatu chake cha tairi, damu imelowanisha vidole. Wala hakuwa amesikia maumivu, wala pedeli chini ya mguu.

Taratibu akainua mguu wa kushoto, akaukandamiza juu ya ule wa kulia. Injini ikanguruma.

"Hapo sasa!" fundi akapiga makofi. "Lori limepona, mzee."