Fundi Bomba na Mama Pacha Hawaelewani

Afisa wa halmashauri aliingia maktabani na kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi yake. Aliliweka juu ya meza ya mkutubi, kando ya kikombe cha chai.

"Pole, mama," alisema. "Sina ubaya na wewe. Lakini chumba hiki hakina wasomaji, na ofisi inahitaji stoo ya viti."

"Nani kasema hakina?"

"Daftari lako. Tangu mwezi wa tatu halina jina hata moja."

Mkutubi hakuinua macho. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kitu, na miaka ishirini na miwili ya kukaa humo ilikuwa imemtoa hofu ya watu wenye mafaili. Alimaliza kubandika jalada lililobanduka, akafuta gundi vidoleni.

"Watu hawapendi kuandikwa majina," alisema. "Wanasoma humu humu, wanabishana, wanaondoka. Chukua kitabu chochote kwenye rafu ya riwaya mpya. Fungua mwisho."

Afisa alichukua chenye roketi kwenye jalada, ilimradi yaishe. Nyuma palikuwa pamebandikwa karatasi ya mistari, imejaa pande zote mbili.

"Watu mia nne wamelala chomboni miaka mia mbili," iliandikwa kwa herufi kubwa za kukandamiza. "Wanaamka, wanafungua bomba, maji yanatoka safi. Bomba lisipofunguliwa mwezi mmoja tu linatoa kutu. Mwandishi huyu nyota anazijua, bomba halijui. Fundi Bomba."

Chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, mwembamba, umelalia nyuma.

"Fundi, umekubali chombo kikimbie kuliko mwanga, umekwama kwenye kutu? Mimi kilichonishinda ni nahodha. Kaamka, ndugu zake wote wamekufa, naye anakagua mitambo. Mtu wa hivyo simpi hata mtoto anishikie. Mama Pacha."

Afisa alicheka kwa pua, akajizuia. Akachukua kingine, cha malkia na majoka. Humo namo walikuwa wamegombana. Fundi Bomba alidai malkia anayeweza kusimamisha wakati hana haki ya kuchelewa kikao cha vita, na kwamba uchawi unaofanya kazi pale tu mwandishi anapobanwa si uchawi, ni uvivu. Mama Pacha alimjibu kwamba yeye kila ukurasa umemkosha, na anayetaka mantiki akasome ratiba ya mabasi.

"Hawa ni watu gani?"

"Wasomaji. Ulisema hawapo."

"Mbona leo sijaona hata mmoja?"

"Saa nne asubuhi ya Jumanne, baba? Wenye mabomba wako kwenye mabomba, wenye watoto wako kwenye watoto. Mwenye nafasi ni wewe."

"Na wewe huandiki?"

"Mimi kazi yangu gundi." Mkutubi akasimama. Chumba hiki alikipenda kuliko nyumba yake. "Sikiliza. Ukitaka kufunga, funga. Lakini karatasi ya kusema hakuna wasomaji siisaini, hata uniletee meya hapa. Andika kwamba wapo, na kwamba mmeona viti vina maana kuliko wao. Hiyo nitaisaini sasa hivi."

Afisa alikuwa amerudi rafuni. Alikuwa ameshika kitabu cha tatu, riwaya ya upelelezi yenye kisu kwenye jalada, na uso wake umebadilika.

"Muuaji ni daktari," alikuwa ameandika Mama Pacha. "Nilimjua ukurasa wa arobaini, hata chai yangu haijapoa."

"Mwongo huyu," alisema afisa.

"Nani?"

"Huyu mama. Hiki kitabu nimekisoma. Ukurasa wa arobaini daktari yuko safarini, hajasema hata neno moja. Angemjuaje?" Alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Mimi nilimjua mwisho kabisa. Na nimekisomea chooni siku tisa, nyumbani wakidhani ni tumbo."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe." Mkutubi akamsogezea kalamu.

Afisa alitazama mlangoni, kisha akainama. Aliandika mistari minne, na neno "safarini" akalipigia mstari mara mbili. Akaandika cheo chake, akakikata, akajiita Msomaji wa Chooni.

Alipomaliza alitoa fomu kwenye faili. "Wako wangapi kwa jumla?"

"Sijawahi kuwapanga mstari niwahesabu. Ila wanaopiga kelele zaidi ni hao wawili."

Afisa aliisoma tena fomu yake. Mwishowe alikata sentensi iliyokwishachapwa kwamba hakuna wasomaji, akaandika kwa mkono: "Maktaba inatumika. Viti vitafutiwe mahali pengine." Akasaini, akagonga muhuri.

"Nitapita Ijumaa," alisema akichukua kufuli lake. "Nataka nione huyo mama atajitetea vipi."

"Atajitetea. Hajawahi kunyamazishwa na mwanamume."

Mkutubi alimsindikiza kwa macho mpaka gari la halmashauri likakata kona. Akarudisha mlango, akaketi mbele ya ile riwaya ya upelelezi, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole chini ya mistari minne ya afisa.

"Ndiyo maana nilimjua, baba. Kurasa arobaini nzima watu wanazungumza isipokuwa yeye. Asiyeonekana ndiye wa kumshuku kwanza. Mama Pacha."

Alisubiri wino ukauke. Kisha akahamishia kalamu mkono wa kulia, na Fundi Bomba naye akatoa maoni yake.