Aliyeuliza Mara Mia Saba

Mzigo umefika asilimia tisini na sita. Feni ya mtambo ilikuwa inalia kama inataka kuruka na chumba chote.

"Inakufa hii," alisema fundi.

"Utatangulia wewe," alijibu karani, mama mtu mzima mwenye mdomo wake, akimtazama anavyomimina kijiko cha tano cha sukari kwenye chai. "Hiyo chai au uji wa sukari?"

"Mama, ndiyo maana dada yangu alikuwa ananiita Mzee Sisimizi."

Alicheka peke yake. Miaka ishirini na moja sasa tangu vita viwatenganishe, yeye lori hili, dada lori lile. Aliomba kazi ofisi hii ya kutafuta waliopotea kwa ajili yake. Kila asubuhi analiandika jina la dada kwenye mtambo. Kila asubuhi, hayumo. Fundi mwenyewe yumo, kwa jina alilobandikwa kituo cha yatima, maana alifika mdogo mno, analijua lile la utani tu. Fomu haina sehemu ya majina ya utani.

Leo redio ilitangaza kwamba majina mapya yameingizwa, basi nchi nzima ikavamia. Asilimia tisini na nane.

Bosi akachungulia mlangoni, jasho tupu. "Mmesahau mwaka jana? Wezi waliulemea mtambo kwa maswali mpaka ukazidiwa, wakapita nyuma na orodha ya watoto. Watoto sita wakachukuliwa na wajomba wa uongo! Anayeuliza jina moja zaidi ya mara mia tano ni mwizi. Kata, futa alama zake zote mpaka alikotoka, mtambo upumue."

"Na kama ni mtu tu, ukurasa umemgomea, anabonyeza tena na tena?" aliuliza karani.

"Zaidi ya mara mia tano? Mtu gani huyo?"

Fundi akatazama skrini. Kweli, alikuwepo mmoja. Hakufungua kuona anamuulizia nani. Kufungua nako kunakula nafasi, na nafasi haikuwepo. Akabonyeza.

Feni ikapoa. Asilimia tisini.

"Umetuokoa, bwana," alisema bosi, akaondoka.

Fundi akapiga funda la chai. Printa ikakohoa, ikatema ripoti. Karani akaidaka, akaisoma kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira:

"Aliyekatwa: mmoja! Alikotoka: kumefutwa! Ameuliza mara: mia saba na kumi na mbili! Jina alilotafuta..."

Akakitupia jicho kikombe cha chai.

Fundi akaichukua karatasi, akamalizia mwenyewe.

"Mzee Sisimizi."