Kitufe cha Mbinguni

"Nimebonyeza mbingu, nikakuta baklawa," Naziha akasema. Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Ghazi, siku yake ya pili kazini, alikunja uso ng'ambo ya meza. Mbingu ipi? Duka la mtandaoni alilolitengeneza, la vitamutamu vya Idi vya mwokaji mmoja wa Sfax, halikuwa na neno hata moja kwenye vitufe. Ni alama tupu. Hata mtoto angeelewa, alijigamba asubuhi. Naziha, mkaguzi wao, akikwama popote, yeye Ghazi angepanda mezani acheze.

"Dada, hiyo ni mistari mitatu. Inafungua orodha."

"Mimi imeniambia mbingu." Vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi, kipanya hakukigusa. "Haya, nimechagua makrudi za tende, nataka kufunga dirisha. Naambiwa nizidishe. Nizidishe nini, kijana? Makrudi?"

"Hiyo ndiyo alama ya kufunga, dada! Nimeichora kubwa, nyekundu!"

"Na huyu Nyota Nyeusi ni nani? Mwimbaji?"

"Nyota ya dhahabu hiyo! Ya kuwekea unachokipenda!"

Mtu mmoja alilalia meza yake, machozi yakimtoka kwa kucheka.

Duka lilipaswa kufunguliwa kesho. Bila idhini ya Naziha lisingefunguliwa, na mwokaji alikwisha kukanda unga. Ghazi akasalimu amri. Akapanda mezani, akacheza akitikisa mabega, wenzake wakimpigia makofi. Kigelegele cha Naziha kiliwashinda wote.

"Ee Mola, miguu gani hiyo?" akapaaza sauti. "Kama watu wanahamisha kabati!"

Ghazi akashuka akihema, naye sasa akicheka. "Basi, nimeshindwa. Kila alama nitaipa jina lake. Nioneshe ulipokwama, nianze sasa hivi."

"Njoo."

Akazunguka meza, akainama karibu na bega la Naziha.

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi ti.

"Mbona umezima, dada?"

Naziha akachomoa kisikizi sikioni. Akapapasa mkono wa Ghazi hadi akakipata kiganja, akaweka kisikizi humo. Kilikuwa kikinong'ona majina ya alama za duka: *Kitufe. Alama ya mbingu. Kitufe. Alama ya kuzidisha. Kitufe. Nyota nyeusi.*

"Kioo kiwashe wewe mwenye macho," akasema. "Mimi miaka sita hapa, sijui hata swichi yake iko upande gani."