Maduara Mawili

Bi Mashavu alikuwa na maduara mawili ya wino kwenye titi la kushoto. La buluu alilichora Dokta Mbwiga, mpasuaji. La kijani alilichora Dokta Salha, wa dawa za saratani. Kila mmoja alimwambia, "Mama, usilifute. Ngoja nikuite."

Akangoja. Alingoja hadi buibui wa ukumbini akamfumia utando begani, akidhani ni samani ya hospitali.

Uvimbe haukungoja.

Asubuhi moja aliingia kwa Dokta Mbwiga bila kuitwa, akaketi. "Sitoki. Anayenitaka atanikuta hapa."

Kweli, Dokta Salha akaja mbio. "Mama, nimekutafuta kote!"

"Na mimi nawatafuta nyie tangu mihogo haijapandwa."

Dokta Salha akamgeukia mwenzake. "Mbona hujamkata?"

"Nimkateje? Nangoja dawa zako ziupunguze uvimbe kwanza."

"Dawa? Mimi nangoja ukate!"

Bi Mashavu akafungua khanga. Hakuona haya, hakuona baridi. Hata hasira aliyotoka nayo nyumbani hakujua ameiacha wapi.

"Haya wanangu, semezaneni. Mimi nipo."

Wakainama pamoja, vichwa nusura vigongane. Uvimbe ulikuwa umevuka wino wa wote wawili. Dokta Mbwiga akafungua kalamu, akasita, akamnyooshea mwenzake. Dokta Salha akaishika, lakini Dokta Mbwiga hakuiachia.

Bi Mashavu akaitazama ile kalamu moja yenye mikono miwili ikimshukia kifuani, kama anayetazama titi la jirani.