Mnyororo wa Kupimia

Serikali ilitaka ardhi iliyotekwa vitani igawiwe kabla ya uchaguzi, kwa hiyo Obadia alikuwa mbioni kuipima. Alishika ncha moja ya mnyororo. Ncha ya pili alikuwa nayo Enoki, msaidizi wake, ndani ya magugu yaliyoota juu ya kijiji kilichochomwa na jeshi. Enoki akishapigilia kigingi, huvuta mara mbili.

Mnyororo ukavutwa mara mbili. Obadia akaandika.

"Niwie radhi, bwana," Enoki akasema nyuma yake, akihema. "Vigingi nilivisahau kambini, ndio nimevifuata."

"Na mnyororo umemwachia nani?"

"Nimeulaza chini tu."

Mnyororo ulikuwa umekaza. Ukaanza kuvutwa tena, polepole, kuelekea kijijini, na vidole vya Obadia vikakataa kufunguka.