Kidude cha Sikioni

"Hicho kidude mimi nakivaa kama hereni tu," Semboja aliwatambia wenzake chuo cha ualimu. "Hesabu zote ziko kichwani."

Sheria ilimtaka kila mwalimu wa hesabu avae kidude sikioni, aseme tu yale ambayo mashine inamnong'oneza. Semboja alibakiza wiki moja afuzu.

Jumamosi, nyumbani, mdogo wake Mwanahawa akamletea daftari. "Kaka, tukigawanya sehemu kwa sehemu, kwa nini ile ya pili tunaipindua?"

"Swali la chekechea hilo." Akaandika nusu gawanya kwa robo, akapindua, akapata mbili.

"Hivyo najua. Nimeuliza kwa nini."

Semboja akapekua kichwa chote, akakuta peupe. Akaaga kwamba anakwenda kunywa maji. Jikoni akajibanza nyuma ya mlango, akachomeka kidude na kunong'ona swali lile lile. Mashine ikaanza kumjibu sikioni.

Hakumwona bibi yake, mwalimu wa enzi za chaki, aliyeketi chini akipepeta mchele.

"Midomo inakucheza, mjukuu wangu, na sauti sisikii," bibi akasema. "Anayefundisha hapo ni nani?"

Semboja alitaka kukana, lakini mashine ilikuwa haijamaliza, na midomo yake iliendelea kuifuata.