Upande wa Lorna

Lorna alifika kwenye mstari wa kuanzia mashindano ya magari, helmeti kwapani, akakuta kiti chake kando ya dereva kimeng'olewa. Yalikuwa yamebaki matundu manne ya bolti, kingo zake ziking'aa.

"Kaka, mimi nakaa wapi?"

Kaka yake hakugeuka. Alikuwa akifuta vumbi la jangwa la Nevada kwenye kioo cha tableti. "Usinune, dada. Gari jepesi ndilo linaloshinda."

"Na njia utaelekezwa na nani?"

"Si programu hii tuliichagua wote?"

Kweli, waliichagua wote. Ile ya zamani ilionyesha ramani tu. Hii mpya ilihifadhi na sauti. Basi walipokuwa wakikagua njia, Lorna alishuka kwenye kila korongo, akaweka alama, akaitamkia simu hatari moja moja. Kaka alimwambia ni tahadhari tu, asije akakabwa na vumbi akashindwa kusema.

Sasa kaka aligusa kioo. Sauti ya Lorna ikajaa garini: "Punguza, punguza! Mwamba kushoto. Polepole, kaka, usiniue!"

Mafundi wa gari wakaangua kicheko. "Bosi, hata kiti umemng'olea na bado anakugombeza!"

Kaka naye akacheka, akafunga mkanda.

Lorna akatoa simu. Alama zote bado zilikuwa mikononi mwake. Akibadilisha moja, tableti nayo hubadilika papo hapo. Akaitafuta ile nyekundu, ya pale njia inapokatikia gengeni ghafla. Akaibonyeza.

"Ufute alama hii?" simu ikauliza.

Bendera ya kijani ya kuanza mbio ikapanda.